Funguo za tovuti ya parokia ziko kwa nani?



Jioni moja ya Kwaresima nilipigiwa simu na mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo upande wa Rulenge. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, tovuti ya parokia siku hizi inachezesha kamari?" Mjukuu wake alikuwa anatafuta ratiba ya Juma Kuu, na alipobofya tu alijikuta kwenye ukurasa wa kubashiri mpira. Nikafungua kompyuta ya ofisini. Tovuti ilikuwa shwari, picha ya kanisa ipo, ratiba ipo. Nikamjibu kwamba labda kijana amekosea anuani.

Kijana hakukosea. Aliyekosea ni mimi. Uvamizi wa namna hii hupangwa kwa ujanja: anayeingia kama msimamizi haonyeshwi kitu, ila anayekuja kwa simu au kupitia Google ndiye anayepelekwa kwingine. Na waumini wetu, wa Murusagamba hata wa Nyakahura, karibu wote wanaingia kwa simu. Hivyo parokia nzima ilikuwa inaona kamari, na sisi ofisini tunaona picha ya kanisa.

Chanzo kilikuwa plagini ya kuonyesha picha ambayo haikuwa imesasishwa kwa miaka mitatu. Kijana aliyeijenga tovuti, kwa moyo mwema kabisa na bila malipo, alikuwa ameshaenda zake Mwanza kusoma. Nywila alikuwa nayo yeye. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe yake, ambayo hata yeye alikuwa ameacha kuitumia. Ilituchukua wiki mbili kupata mlango wa kuingilia kwenye nyumba yetu wenyewe.

Kamari ilikuwa aibu, lakini kilichoninyima usingizi ni fomu ya Kipaimara. Ndani ya tovuti ile yalikuwemo majina ya watoto, vigango vyao na namba za simu za wazazi. Sote tunazijua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Mzazi huzicheka na kuzifuta. Je, atacheka ikimtaja mwanawe kwa jina, ikataja na tarehe ya Kipaimara, ikaomba mchango wa chakula cha Askofu? Tangu Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sioni kwa nini ofisi ya parokia ijione iko nje yake.

Wengine husema: nani atahangaika na parokia ya Ngara? Hakuna anayehangaika. Kazi hiyo hufanywa na programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga kila mlango, bila kujua kama ni wa benki au wa kigango. Tarehe 15 Oktoba 2014 watengenezaji wa Drupal walitoa rekebisho la kasoro kubwa. Wiki mbili baadaye walitangaza kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 ihesabiwe kuwa imeshavamiwa. Mwaka 2017 ikawa zamu ya WordPress: rekebisho lilitoka Januari 26, na waliochelewa wakachangia kurasa zaidi ya milioni moja zilizochafuliwa mwezi Februari. Tuwe wakweli, sisi hatuchelewi saa saba. Tunachelewa miaka.

Nimewauliza wenzangu wa parokia kadhaa kwa nini hawasasishi. Jibu la kwanza huwa ni bando. Hapa kuna kutoelewana. Simu yako ikisasishwa inakula bando lako, lakini tovuti haikai kwenye simu yako. Inakaa kwenye seva, na seva ndiyo inayojipakulia toleo jipya. Wewe unatuma agizo tu. Hata umeme ukikatika ofisini, seva haijazimika. (Sisi tulioishi na majenereta ya dizeli Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi tumezoea kuulaumu umeme kwa kila kitu.)

Jibu la pili ni hofu: "Mara ya mwisho tulisasisha, menyu ikapotea." Hofu hii ina msingi, toleo jipya linaweza kugombana na plagini ya zamani. Ndiyo maana nakala rudufu hutangulia, na iwe ya vitu viwili: mafaili pamoja na hifadhidata yenye maandishi na fomu. Isiachwe kwenye seva ileile, kwa sababu mvamizi akiingia atazikuta zote mbili. Ishushwe kwenye diski ifungiwe kabatini. Na siku moja ijaribiwe kurudishwa mahali pa majaribio, maana nyingine hufunguliwa siku ya msiba zikakutwa tupu. Plagini isiyotumika iondolewe kabisa, kuizima hakutoshi.

Kuna jambo moja linanichukiza hasa kwenye nyumba zetu. Ni mapambo ya tovuti ya kulipia yaliyovunjwa ufunguo na kugawiwa bure. Aliyeyavunja mara nyingi ameshaacha mlango wa nyuma. Na hata asingeuacha, amri ya saba tunaifundisha kila mwaka.

Haya yote fundi yeyote atakueleza. Langu kwa mapadre na waseminari ni makabidhiano. Paroko akihamishwa tunahesabu kalisi, vitabu vya ubatizo, gari, hata majembe. Kanuni ya 1283 inadai orodha ya mali, na ya 1284 inamtaka msimamizi awe macho mali isipotee wala kuharibika. Ni orodha ngapi zenye tovuti ndani yake? Jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe ya parokia, siyo ya frateri aliye likizo. Watu wawili wawe na nywila, kila mmoja na yake, na anayeondoka afutiwe siku anayoaga. Fomu zikishafanya kazi yake, majina yatolewe mtandaoni.

Sisi tumechagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya misa ya asubuhi. Katibu na mimi tunachukua nakala, tunasasisha, kisha tunaifungua tovuti kwa simu ya mtu aliyeko nje, siyo kwa kompyuta ya ofisini. Safari hii zilikuwa plagini tatu, dakika ishirini na tano hivi. Simu ilikuwa ya mjukuu wa yule mama.