Bei DM, Hela Kwanza, Halafu Tunaitwa Waoga!

Wadau, kuna wimbo wa wafanyabiashara wa mtandaoni hapa Dar ambao umenichosha. Eti Watanzania hatuna utamaduni wa kununua mtandaoni. Eti waoga, hatujaelimika.

Sikubali hata kidogo. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 tuliipokea, na leo hata mama lishe analipwa kwa simu. Mwaka 2009, mkonga wa SEACOM ulipofika Dar, tuliambiwa kikwazo ni intaneti ya taratibu na ya ghali. Haya, kasi imekuja, simu janja zimejaa. Mbona mtu bado anaona viatu Instagram halafu anapanda daladala kwenda kuvinunua Kariakoo?

Kwa sababu Kariakoo anavishika, anavijaribu, anapatana bei, na vikichanika kesho fremu iko palepale.

Sasa mwangalie huyu wa mtandaoni. Picha nzuri, wakati mwingine kaichukua kwenye ukurasa wa mwenzake. Bei? "Njoo DM." Ukienda DM unaulizwa kwanza unaishi wapi (nadhani bei ya Masaki na ya Mbagala si moja). Duka liko wapi? "Tunatuma mikoa yote." Hela? Yote, tena kwanza. Unaingiza namba uliyopewa, simu inakuletea jina la mpokeaji, na jina lenyewe halifanani hata herufi moja na la duka. Ukiuliza, ni la shemeji! Lipa namba yenye jina la biashara ipo, lakini yeye anataka kwa shemeji. Komenti za waliolalamika zimefutwa.

Na haya yanatokea katika nchi ambayo karibu kila mwenye simu anaujua ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Jamani, anayesita kumtumia laki moja shemeji asiyemjua si mwoga. Ana akili timamu.

Najua mtasema wateja nao wasumbufu: anaagiza, bodaboda anafika getini, simu imezimwa. Kweli, inauma, hasa kwa mwenye mtaji mdogo. Basi omba nauli ya bodaboda kwanza, hela ya mzigo nilipe nikiuona. Wapo wanaofanya hivyo na wateja hawawakimbii.

Tena hili la kujitambulisha si hisani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni amweleze mnunuzi yeye ni nani na anauza nini. Ni kurasa ngapi unazozifuata zinafanya hivyo? Zihesabu leo jioni, vidole vitabaki.

Kwa hiyo ndugu yangu unayelipia matangazo kila wiki ili yatufikie, hongera, limenifikia. Viatu nimeviona, vile vyeusi. Ni shilingi ngapi, na duka liko mtaa gani?