Bila Kisu Si Bila Jeraha

Neno linalouza kuliko yote katika biashara ya uso siku hizi si "urembo" wala "ujana". Ni "bila". Bila kisu, bila sindano, bila kulazwa, bila kukosa kazi hata siku moja. Unaingia saa ya chakula cha mchana, unajilaza kitandani, unapitishiwa kichwa cha mashine mashavuni na chini ya kidevu, na ngozi iliyoanza kulegea inakazwa kwa mawimbi ya sauti. Tangazo hilo, lenye picha mbili za kabla na baada, linaonekana kwenye simu ya mtu wa Masaki na linaonekana vilevile kwenye simu ya mtu wa Kitomanga, kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi. Nina ugomvi na neno hilo moja.

Tuanze na kazi inayofanywa na mashine, maana anayeiuza huwa haielezi. Ultrasaundi ya kumtazama mtoto tumboni hutuma mawimbi hafifu, ikasikiliza mwangwi wake na kuchora picha. Hii nyingine huyakusanya mawimbi kwenye nukta moja, kama kioo cha kukuzia kinavyokusanya jua mpaka karatasi ikashika moto. Nukta hiyo huwekwa chini ya ngozi, kwa kawaida milimita 1.5, 3 au 4.5, na joto lake hufika nyuzi 60 hadi 70 za sentigredi. Nyama iliyopo pale huungua. Mwili unapokuja kutibu vidonda hivyo vidogo hutengeneza kolajeni mpya, na baada ya miezi miwili mitatu ngozi hujivuta kidogo. Kwa hiyo jeraha hapa halitokei kwa bahati mbaya. Jeraha ndiyo tiba yenyewe, ila limefichwa mahali ambapo jicho halifiki.

Sisemi ni utapeli. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya aina hii, Ulthera, mwaka 2009 kwa ajili ya kuinua nyusi, na baadaye kwa shingo na chini ya kidevu. Mashine ile ina kioo kinachomwonyesha daktari matabaka ya ngozi kabla hajaruhusu joto kushuka. Katika mikono iliyofunzwa, wengi hupata wekundu, uvimbe, maumivu au ganzi ya siku chache, kisha yanapita. Wauguzi wetu wana msemo wao kwa mambo ya namna hiyo: maudhi madogo madogo. Nakubali.

Lakini uso si kitambaa kinachopigwa pasi. Chini ya taya unapita mshipa wa fahamu unaovuta mdomo wa chini. Kwenye paji la kando unapita ule unaoinua nyusi. Jicho liko jirani, na lenzi yake haivumilii joto. Mashavuni yapo mafuta ambayo yakiyeyushwa kwa kukosea kina, uso unabonyea na kuzeeka kuliko ulivyokuja. Mtu akipitisha mashine bila kujua hayo, matokeo yanajulikana na yameandikwa na madaktari: malengelenge yaliyopangana kwa mstari, mdomo unaopinda, ganzi ya wiki nyingi, hata mtoto wa jicho. Mashine nyingi za bei rahisi zinazoagizwa kwa intaneti hazina kile kioo. Anayezitumia anakisia.

Japani waliliona hili mapema, kwa sababu mashine zilikuwa zimeshaingia saluni, na nyingine zikawa za mteja kujifanyia mwenyewe. Machi 2023 tume yao ya kuchunguza usalama wa watumiaji wa bidhaa ilitoa ripoti juu ya watu walioungua, walioumia mishipa ya fahamu na walioumia macho. Juni 2024 Wizara yao ya Afya ikatamka kwamba kumpitishia mtu mashine hii ni kazi ya daktari, na asiye daktari akifanya anavunja sheria. Mstari ukachorwa: kinachounguza nyama ya binadamu ni tiba, hata kama kimewekwa kwenye chumba chenye mishumaa ya marashi.

Sisi mstari wetu uko wapi? Julai 2019 iliyokuwa TFDA ilibadilishwa kuwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Chakula na vipodozi vikahamia Shirika la Viwango, TBS. Mgawanyo huo unaeleweka kwa panadoli na kwa losheni. Mashine ya uso inaingia katikati. Mwenye saluni anaiita urembo, na chupa ya losheni iliyo juu ya rafu inamuunga mkono. Mteja naye anaamini amekwenda kurembwa, kwa hiyo haulizi kama mwenye mashine amesajiliwa na Baraza la Madaktari, kama ambavyo hamuulizi msusi. Hoja yangu ni fupi: kama kifaa kinafanya kazi kwa kujeruhi tabaka la chini ya ngozi, hicho ni kifaa tiba, na anayekishika awe mtu wa tiba. Jina lililoandikwa kwenye bango la mlangoni lisibadilishe hilo.

Kuna sababu nyingine ya kulisema jambo hili kwa Kiswahili na kwa ajili ya ngozi zetu. Wauzaji husema mawimbi ya sauti ni salama kwa ngozi nyeusi kwa kuwa, tofauti na leza, hayavutwi na rangi ya ngozi. Hiyo ni kweli nusu. Mawimbi hayajali rangi, lakini kuungua kunajali. Ngozi nyeusi ikiungua huacha baka jeusi la miezi mingi, na kwa wenye asili hiyo huota kovu nene la kuvimba. Halafu upo mkorogo. Ngozi iliyopakwa krimu za steroidi kwa miaka imekonda na hupona polepole. Anayetaka kuipitishia joto lazima aulize, na mwenye ngozi lazima awe huru kujibu ukweli. Hapo ndipo penye tatizo kubwa kuliko mashine.

Namfahamu dada mmoja wa Kitomanga, ndugu yangu wa upande wa mama, fundi cherehani. Mwaka ule ufuta ulilipa. Alikwenda Dar es Salaam harusini, na shoga yake akampeleka saluni moja kwenye ofa ya kukaza uso. Hakuna aliyemuuliza anapaka nini wala anatumia dawa gani. Alirudi na mistari minne ya malengelenge chini ya taya, imenyooka kama ya rula, na mdomo wa chini upande mmoja haushuki anapocheka.

"Dada, imeanza lini?" tabibu alimuuliza.

"Nimeamka hivi."

"Na hapa shingoni?"

"Mafuta ya maandazi."

Tabibu alifanya lililo sahihi kwa maelezo aliyopewa: akahofia kiharusi, akapima presha, akamwandikia kwenda Lindi. Mtaani walisema amepigwa na upepo mbaya. Mama yake alimuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna mtu umekosana naye?" Presha ilitajwa, pepo walitajwa, wabaya walitajwa. Mashine haikutajwa. Baada ya miezi miwili hivi mdomo ulirudi sawa, mabaka yakabaki, na saluni ile haikupata habari zozote. Ofa yao iliendelea.

Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu alijua neno linalomsubiri: amejitakia. Tumelizoea mno neno hilo. Mwanamke akiungua kwa mkorogo, amejitakia. Akivimba kwa sindano, si angeridhika na alivyoumbwa? Tunadhani tunalinda maadili. Tunachokilinda ni mtaji wa mwenye mashine. Mteja anayeona haya hadai fedha zake, haendi polisi, hatoi taarifa, hamwonyi hata mdogo wake. Hakuna bima nzuri kwa mfanyabiashara mzembe kama aibu ya mteja wake. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sisi tumewafanya wanawake wafiche majeraha kisha tunashangaa kwamba hakuna takwimu.

Na wanaosema hii ni tamaa ya wanawake wa siku hizi watazame picha za bibi zao. Kusini hii haikuanza jana kubadilisha uso. Wamakonde na Wamwera walichanja chale mashavuni na kwenye paji la uso, na wanawake walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Sisemi turudi huko, maana vilikuwa visu bila dawa na vidonda vingine viliharibika. Lakini aliyechanja alifahamika. Ukoo wake ulifahamika, na kidonda kikioza watu walijua mlango wa kubisha. Leo tumepata mashine yenye namba za kidijitali, tukampoteza mtu wa kuulizwa.

Ndiyo maana sitakuambia usiende. Uso ni wako na hela ni zako. Nakuambia uulize kabla hujajilaza. Nani atashika mashine, na ni daktari aliyesajiliwa wapi? Mashine ni ya kampuni gani, inaonyesha picha ya matabaka au haionyeshi? Nikiungua, au mdomo ukipinda, nampigia nani, na atanitibu wapi? Naye asipokuuliza kuhusu ujauzito, vidonda, makovu ya kuvimba, vyuma vilivyowekwa mwilini na krimu unazopaka, hajui anachokifanya. Vaa viatu vyako, toka. Ukiwa umetoka mbali, jiulize na hili: madhara mengi hujionyesha ukiwa tayari umepanda basi, na atakayeyapokea ni tabibu wa kijijini ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo.

TMDA na TBS nao wana deni kwetu. Watamke hadharani mashine hizi ni za nani kuzikagua. Wakishatamka, zinazotumiwa na wasio madaktari zitoke saluni.

Na kwa aliyekwisha kuumia: sema. Mwambie tabibu maneno yote, "nilipitishiwa mashine ya mawimbi usoni, siku fulani, mahali fulani." Hiyo itamwepusha kukutibu kiharusi usichokuwa nacho. Kisha mwombe apeleke taarifa TMDA, maana madhara ya vifaa tiba yana utaratibu wa kuripotiwa kama madhara ya dawa. Taarifa moja ni rahisi kuiita uvumi. Ishirini ni faili, na faili ndilo linalomfikisha mkaguzi mlangoni pa saluni.