Sarakasi za pikipiki si mbio: Tuvitenganishe

Jumamosi moja alasiri, nikiwa njiani kwenda mazishini mashambani, msafara wa pikipiki uliokuwa ukisindikiza jeneza ulitupita kwa kishindo. Kijana mmoja katika msafara huo aliinua gurudumu la mbele la pikipiki yake, akasimama juu ya kiti na kwenda hivyo kwa kitambo, huku watu waliojipanga kando ya barabara wakimshangilia. Hakuanguka siku hiyo.

Miezi michache baadaye, mwanafunzi wangu mmoja ambaye huendesha bodaboda wakati wa likizo ili apate karo, alirejea darasani akitembelea mikongojo. Alikuwa amejaribu kitendo hicho hicho. Nilipomuuliza kisa na maana, alinijibu: "Mwalimu, hata akina Márquez huinua gurudumu."

Jibu hilo limenishughulisha tangu siku hiyo, kwa sababu lina ukweli nusu, na nusu ya ukweli yaweza kuua. Marc Márquez wa Uhispania, aliyetwaa tena ubingwa wa dunia wa MotoGP mwaka 2025, huinua gurudumu la mbele mara nyingi. Lakini mtazamaji makini atang'amua kwamba hufanya hivyo kwa makusudi baada ya kuvuka mstari wa mwisho, mbio zikiwa zimekwisha. Ndani ya mbio zenyewe, gurudumu kuinuka ni hasara. Wahandisi huweka mitambo ya kupunguza nguvu za injini pindi gurudumu linapoanza kuachana na lami, na katika miaka ya karibuni pikipiki hizo zimewekewa mabawa ya kuikandamiza sehemu ya mbele. Kwa mwanasarakasi, gurudumu lililo hewani ndilo lengo. Kwa mwanambio, ni kosa la kurekebishwa.

Hapa ndipo lugha yetu inapotuponza kidogo. Neno "mchezo" katika Kiswahili hubeba mizigo mingi. Kandanda ni mchezo, tamthilia ni mchezo wa kuigiza, na hata ngoma huchezwa. Kwa hivyo yule anayesimama juu ya kiti cha pikipiki na yule anayekata kona kwa kasi uwanjani, wote tunawaita wachezaji na kuwatia katika kapu moja. Lakini lugha hiyo hiyo imetupa pia maneno "sarakasi" na "mashindano". Sarakasi haina maana bila macho ya watazamaji. Mashindano, kinyume chake, hupimwa kwa saa na kwa mpinzani. Mwanambio anaweza kushinda hata kama viti vyote vya watazamaji ni vitupu.

Tofauti hiyo si ya maneno tu, bali imo katika chuma na mpira wenyewe. Anayekata kona hutegemea mshiko wa tairi mbili juu ya lami. Mshiko huo una kikomo, na hugawanywa baina ya kupunguza mwendo na kupinda. Atakayefunga breki kwa nguvu zote huku amelaza pikipiki, atateleza. Ndiyo maana bingwa hupunguza mwendo mapema pikipiki ikiwa wima, huachia breki kidogo kidogo kadiri anavyoilaza, hutupa macho mbali mahali atakapotokea, kisha huongeza mafuta pole pole anapoiinua tena. Kwa ustadi huo, waendeshaji wa MotoGP huilaza pikipiki kwa zaidi ya nyuzi 60 kutoka wima. Mwafrika mwenzetu, Brad Binder wa Afrika Kusini, alifikia kasi ya kilomita 366.1 kwa saa katika uwanja wa Mugello, Italia, mwaka 2023, na mwisho wa njia ile iliyonyooka kuna kona inayomtaka mtu apunguze kasi kwa kiasi kikubwa.

Mwanasarakasi naye ana elimu yake, na sitaki kumdharau. Husawazisha uzito wa mwili, mafuta na breki ya nyuma. Breki hiyo ndiyo kamba yake ya uhai: akiikanyaga, sehemu ya mbele hushuka, akichelewa, huanguka chali. Waliobobea hubadilisha hata gia ya nyuma ya mnyororo, wakaweka yenye meno mengi zaidi ili pikipiki iinuke kwa mwendo mdogo, nao hufanyia mazoezi katika uwanja uliofungwa. Lakini kwa muda wote ambao gurudumu la mbele liko hewani, breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, haina kazi, na usukani haupindi kitu. Mtoto akivuka barabara wakati huo, mwendeshaji hana la kufanya ila kuomba Mungu.

Sasa tumtazame kijana wetu wa bodaboda. Jina hilo lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria na mizigo baina ya Kenya na Uganda. Ni jina la kazi. Pikipiki yake ni ya sentimita za ujazo 100 au 150, iliyoundwa kubeba abiria na magunia. Abiria akikaa nyuma, uzito hurudi nyuma na sehemu ya mbele huwa nyepesi kuinuka. Barabara ina mashimo, mchanga, matatu na mbuzi. Amechukua sarakasi, akaipeleka mahali pa kazi, kisha akajitetea kwa jina la mbio. Mambo matatu yamevurugwa yakawa moja.

Huenda msomaji akasema kwamba hata mbio huua. Ni kweli. Katika kisiwa cha Man, ambako mbio za TT zilianza mwaka 1907 na bado hufanyiwa katika barabara za kawaida zenye urefu wa kilomita 60 hivi, zaidi ya washindani 250 wamepoteza maisha kwa miaka hiyo yote. Márquez mwenyewe alivunjika mkono mwaka 2020 na kufanyiwa upasuaji mara nne. Hata hivyo, barabara za kisiwa kile hufungwa kwa mujibu wa sheria kabla ya pikipiki ya kwanza kuondoka. Hata sisi Wakenya twalielewa jambo hilo. Magari ya Safari Rally, yaliyorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, hushindana katika njia zilizofungwa. Anayeingia humo amekubali hatari yake mwenyewe. Mama muuza mboga kando ya barabara hakutia sahihi popote.

Tufanye nini basi? Kwanza, wanasiasa waache kununua sarakasi. Tumewaona wakisimama juu ya magari, wakirusha noti kwa vijana wanaoinua magurudumu katika misafara yao. Wao ndio watazamaji wanaolipa, na bila mtazamaji sarakasi hufa. Pili, polisi watumie Sheria ya Trafiki dhidi ya kitendo chenyewe cha kuhatarisha watu, badala ya kufanya misako inayomnasa hata yule anayemrudisha mgonjwa nyumbani. Tatu, mafunzo ya bodaboda yachukue kutoka kwa mbio kile kinachookoa maisha: namna ya kufunga breki mbili kwa pamoja, kupunguza mwendo kabla ya kona, na kutazama mbali. Nne, serikali za kaunti zitenge mahali. Viwanja vya maonyesho ya kilimo hukaa vitupu sehemu kubwa ya mwaka. Kijana mwenye kipawa cha sarakasi avae kofia ngumu, aingie humo, watu walipe kiingilio, na gari la wagonjwa lisimame langoni.

Mwanafunzi wangu ameanza kutembea bila mikongojo, ingawa mguu haujarudia hali yake. Juzi alinikumbusha methali kwamba mcheza kwao hutuzwa, akidai kuwa ndiyo iliyomtia moyo siku ile. Nilimwambia kwamba aliisoma vibaya. Methali haikusema kwamba kila mchezaji hutuzwa. Imetaja anayecheza kwao, na barabara kuu si kwao mchezaji yeyote.