Mbegu feki haioti, wimbo wa kunakili unaimba vilevile

VITA dhidi ya wizi wa kazi za sanaa nchini imepiganwa kwa zaidi ya miaka 20 sasa, kwa sheria, kwa stempu, kwa misako na kwa maandamano. Hata hivyo, mtu anayeshuka kwenye daladala Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Manzese au Tegeta hatembei hatua nyingi kabla ya kukutana na kibanda chenye kompyuta moja, spika mbili na kijana anayejaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi na flashi za wateja. Zamani kijana huyo alikuwa akichoma CD. Leo wateja wake ni madereva wa bajaji na bodaboda, wenye saluni, mama lishe wenye redio ya flashi, na wakulima wanaorudi Mkuranga au Bagamoyo baada ya kuuza mzigo sokoni, ambao hawataki kumaliza bando kwa kusikiliza muziki.

Katika hesabu za uchumi kibanda hicho ni biashara ndogo kama genge la nyanya. Kinalipa pango, kinalipa umeme, na mara nyingi kinalisha familia. Tofauti yake na genge ni moja: nyanya lazima zinunuliwe kwa mkulima kabla ya kuuzwa, lakini wimbo hautoki ghalani ukiuzwa. Ukishanakiliwa mara moja, nakala ya 1,000 haina gharama yoyote ya maana. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Sheria haijakosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999 ndiyo iliyozaa COSOTA, na inamlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwaka 2015 ilikuja Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo nayo ina kifungu kinachomgusa anayetumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu wa mtu mwingine, na adhabu zake ni za mamilioni ya shilingi au kifungo, kali zaidi kwa anayefanya hivyo kibiashara. Kwa maandishi, kijana wa Rangi Tatu yuko hatarini kila asubuhi anapofungua kibanda. Kwa vitendo, hata askari wa doria huenda amewahi kumpelekea flashi yake.

Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kutumia stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Wazo lilikuwa zuri: kila nakala halali iwe na alama, isiyo na alama ikamatwe. Mkulima anaifahamu mbinu hii, kwa kuwa hata pakiti ya mbegu hubandikwa lebo ya TOSCI yenye namba ya kukwangua, anayoweza kuihakiki kwa simu kabla ya kupanda.

Lakini mbegu na wimbo si bidhaa za aina moja, na hili halikupewa uzito wa kutosha. Anayenunua mbegu feki anaumia yeye mwenyewe. Analima, anapanda, mvua inanyesha, na shamba linabaki tupu. Msimu umepotea na mkopo wa pembejeo unadaiwa. Kwa hiyo yeye ndiye polisi wa kwanza wa lebo ile. Anayenunua CD ya kuchoma haumii popote. Wimbo wa kunakili unaimba vilevile, filamu ya kunakili inaliza vilevile, na bei ni pungufu. Mnunuzi hana sababu ya kuitafuta stempu. Anayeumia yuko mbali, ni msanii asiyejua kwamba nakala ile ipo. Alama ambayo mnunuzi haoni faida yake hulindwa na serikali peke yake, na serikali haina mkaguzi wa kumweka kila kona kuanzia Bunju hadi Mbagala.

Aprili 2017 wasanii wa filamu waliingia mitaa ya Kariakoo wakiandamana, wakiungwa mkono na aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda. Kilio chao kikubwa kilikuwa filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya chini bila kulipiwa kodi, jambo lililofanya filamu za nyumbani zishindwe kwa bei. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli: aliyetengeneza filamu Dar es Salaam amelipa wacheza filamu, mafundi na usafiri, wakati muuza nakala ya filamu ya Marekani au Korea amelipia diski tupu tu. Ni sawa na mkulima wa mpunga kushindanishwa na mchele ulioingia kwa njia za panya. Lakini mteja wa kibanda umiza aliyezoea filamu za kigeni zenye sauti ya Lufufu akisimulia kwa Kiswahili hakwenda pale kwa sababu ya bei pekee. Alifuata burudani anayoielewa.

Ni lazima pia kuangalia upande ambao wasanii hawapendi sana kuuzungumzia hadharani. Kabla ya kibanda kumnyonya, msanii alikuwa ameshauza. Enzi za kanda na baadaye CD, usambazaji ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wachache wa Kariakoo. Msanii mchanga alipeleka kazi yake, akapewa fedha za mkupuo, akaacha haki zote mezani. Ikiuza nakala 5,000 au 50,000, kwake ilikuwa mamoja. Mkulima wa korosho aliyewahi kuuza kwa kangomba anaijua hali hiyo: shida ya leo inakulazimisha kuuza mavuno ya kesho kwa kipimo cha mnunuzi. Msanii hakuwa na mizani. Idadi ya nakala zilizouzwa aliijua msambazaji tu, na ndiyo maana stempu, pamoja na udhaifu wake wote, iliwafurahisha baadhi ya wasanii. Kwa mara ya kwanza palikuwa na kitu cha kuhesabu.

Biashara ilipohamia kwenye simu, suala la mizani lilihama nalo. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru wanamuziki AY na Mwana FA walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 na kampuni ya simu kwa nyimbo zao kutumika kama miito bila ridhaa yao, na shauri hilo likaendelea kwa rufaa katika mahakama za juu. Jambo la kujifunza kwa mfanyabiashara mdogo ni hili: vijana wa vibandani ndio wanaoitwa maharamia, lakini shauri lililotikisa nchi lilihusu kampuni yenye leseni, wanasheria na mnara kila kata.

Duniani mambo hayakwenda tofauti sana. Marekani, huduma ya Napster iliyoanza mwaka 1999 iliwawezesha watu kubadilishana nyimbo bure kupitia intaneti, ikafungwa kwa amri ya mahakama mwaka 2001. Kubadilishana hakukukoma, kulihamia kwingine. Huko Sweden waendeshaji wa Pirate Bay walitiwa hatiani mwaka 2009, na mtandao wao ukaendelea kupatikana. Kilichopunguza makali ya wizi ni maduka ya halali yaliyokuwa rahisi kuliko kuiba: Apple ilianza mwaka 2003 kuuza wimbo mmoja kwa senti 99 za dola, na Spotify ikafuata mwaka 2008 kwa kumruhusu mtu asikilize bure akivumilia matangazo, au alipie kwa mwezi. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021. Ila huduma za namna hiyo zinadai bando na simu nzuri, na wateja wengi wa Tandika na Manzese wanahesabu bando kama wanavyohesabu unga.

Je, kibanda kinaweza kulipa? Tuchukulie mfano. Kijana anatoza shilingi 1,000 kujaza kadi yenye nyimbo 100, na kwa siku anahudumia watu 15. Mapato yake ni shilingi 15,000 kabla ya pango, umeme na chakula. Akiambiwa alipe shilingi 200 kwa kila wimbo, kadi moja itamgharimu shilingi 20,000. Atafunga, au atajificha, na wengi watajificha. Akiambiwa atoe asilimia 10 ya anachopokea, ni shilingi 1,500 kwa siku, yaani 45,000 kwa mwezi wa siku 30. Inauma, lakini inalipika. Vibanda 1,000 vya namna hiyo vingetoa shilingi milioni 45 kwa mwezi na milioni 540 kwa mwaka.

Mfano huo ni wa makisio, ila unaonyesha ukubwa wa kinachoachwa barabarani. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki, na lilikuwa tukio la kushangiliwa. Kwa hesabu ya hapo juu, vibanda vinavyokimbizwa vingeweza kuzidi kiasi hicho kwa mwaka mmoja.

Serikali nayo imechagua njia ya kuzunguka. Katika miaka ya karibuni imeweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kutumika kunakili na kusambaza kazi za sanaa, ili sehemu ya fedha hizo iwafikie wasanii. Faida yake ni kwamba inakusanywa panapokusanyika, badala ya kukimbizana na mtu uchochoroni. Kasoro yake mkulima ataiona haraka: anayenunua flashi kwa ajili ya kuhifadhi hesabu za chama cha msingi anachangia sawa na anayeijaza filamu. Zaidi ya hapo, tozo haisemi ni nyimbo za nani zilizosikilizwa. Fedha zikishaingia kwenye chungu kimoja, mwenye jina kubwa anajulikana, wakati mwimbaji wa singeli ambaye nyimbo zake zinajaa kadi zote za Temeke lakini redio hazimpigi anaweza kutoka mikono mitupu.

Kinachofaa kujaribiwa ni kumfanya mwenye kibanda wakala. Mitandao ya simu ilifanya hivyo na fedha: haikufungua matawi kila mtaa, ilimchukua mwenye duka aliyekuwapo, ikampa laini na kamisheni. Kibanda kingesajiliwa kwa ada ndogo inayolipika kwa simu, kingepata nyimbo safi zilizotoka kwa wasanii wenyewe, na kompyuta yake ingeandika kila wimbo unaotoka. Orodha hiyo ndiyo mizani. Wasanii wangejua kazi zao zinapendwa Mbagala kuliko Mwananyamala, jambo ambalo hata promota wa tamasha angelilipia.

Wapo watakaosema huko ni kumzawadia mwizi. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mwenye duka aliyekuwa akiuza CD halisi kwa miaka mingi na kufilisika kwa sababu ya jirani yake. Asiyesajiliwa baada ya muda wa kutosha anastahili msako. Lakini msako wa leo unamkamata kijana asiyekuwa na njia ya halali anayoimudu, na kesho yake kompyuta nyingine inawashwa mtaa wa pili.

Kwa wenye baa, hoteli, saluni na mabasi suala hili tayari lina gharama, kwa kuwa kupiga muziki kwenye eneo la biashara kunahitaji kibali na ada ya hakimiliki, hata kama flashi yenyewe ilijazwa kwa shilingi 1,000. Ni vema kudai stakabadhi kila malipo yanapofanyika, na kuiweka pamoja na leseni ya biashara.