Bibi harusi, kabla ya jipsamu uliza choo kinaelekea wapi



Mfunguo Mosi ukishaingia tu, kadi za harusi zinamiminika. Siku hizi pamoja na kadi zinakuja na picha za nyumba. Kijana mmoja anajenga Fuoni, mwengine Tomondo, mwengine kajaaliwa kiwanja Bububu. Bibi harusi anatumiwa picha kwenye simu aambiwe achague: silingi ya namna gani, taa hizi au zile, jiko liwe wazi lenye kaunta au liwe na ukuta? Na sisi, kwa furaha ya kuulizwa, tunachagua. Tunataka jipsamu ya ngazi tatu, taa za kubadilisha rangi, na marumaru zinazong'aa mpaka mtu ajione uso.

Tunasema haya kwa mapenzi, msitukasirikie: mara nyingi tunachagua visivyotufaa. Uzuri si haramu. Tatizo ni kuwa fedha ni zile zile, na zikishaishia kwenye dari hazibaki za bomba, waya na milango. Somo anatufundisha mengi kabla ya harusi, lakini hakuna anayetukalisha kitako akatufundisha nyumba. Na nyumba ndipo mwanamke anapokaa fungate, anapolala arobaini ya uzazi, anapouguza wazee na, Mwenyezi Mungu akipenda, anapokaa eda.

Hilo la mwisho ndilo lililotufungua macho sisi.

Nyumba yetu ya ukoo ilitengenezwa upya miaka miwili kabla baba hajafariki. Tuliwekewa silingi mpya, marumaru mpya na geti la kifahari, na sisi wenyewe ndio tuliochagua rangi. Siku ya msiba, jeneza lilishindwa kupinda kwenye ujia wa vyumbani, ikabidi mlango wa chumba ung'olewe huku watu wanangoja nje. Kisha mama akaingia eda. Chumba chake hakikuwa na choo. Choo kilikuwa upande wa pili, na njia yake inapita ukumbini, na ukumbini wamejaa wanaume waliokuja kutoa pole. Mama yetu, mtu mzima, akawa anajizuia mpaka wageni waondoke. Alikaa hivyo miezi minne na siku kumi, chini ya silingi ya ngazi tatu.

Hatujamlaumu fundi wala marehemu. Fundi alijenga alichoambiwa. Sisi ndio hatukujua la kumwambia.

Basi tumejiwekea kanuni moja, nayo ndiyo tunayokuusieni: kinachozikwa ndani ya ukuta na chini ya sakafu kitangulie, kinachoning'inizwa kingoje. Jipsamu unaweza kuiweka baada ya miaka mitano. Bomba ulilolisahau utalibomolea ukuta.

Anza na ramani, kabla ya msingi

Kwetu Unguja kibla kiko kaskazini, kwa kupinda mashariki kidogo sana. Hilo ni jepesi kulikumbuka na lina faida kubwa. Mtume, rehma na amani zimshukie, amekataza kuelekea au kukipa mgongo kibla wakati wa haja. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameona kuwa ndani ya jengo lenye kuta kuna ruhusa, lakini kwa nini tutafute ruhusa na nyumba bado iko kwenye karatasi? Mwambie fundi choo kielekee mashariki au magharibi. Kwenye karatasi ni kufuta mstari tu. Marumaru zikishapigwa, ni kuvunja.

Jua na upepo navyo vina ramani yake. Jua la alasiri linapiga ukuta wa magharibi mpaka magharibi inaingia, na ukuta wa tofali unalihifadhi joto hilo ukuletee usiku. Chumba cha kulala kikiwa upande huo, mtalipia kiyoyozi maisha. Upande huo wekeni stoo, choo au ngazi. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, ili kaskazi ikivuma tangu Disemba upepo uingie, na kusi ikija baada ya masika uingie pia. Dirisha moja halitoshi, kwani upepo unataka pa kuingilia na pa kutokea. Na ujue kuwa dirisha la alumini la kusukuma linafunguka nusu tu, kwa hiyo unanunua dirisha zima unapata upepo wa nusu. La kufunguka lote lina faida zaidi.

Mlango wa wageni

Wazee wetu wa Mji Mkongwe walijua walichokifanya. Mgeni mwanamume aliishia barazani au ukumbi wa mbele, na wanawake walikuwa na uwa wao ndani wakitembea kwa raha zao. Sisi tumejenga nyumba ambazo mlango wa mbele ukifunguliwa mtu anaona mpaka jikoni. Halafu tunashinda na mitandio ndani ya nyumba zetu wenyewe, tunakaanga samaki huku tunajitanda.

Kwa hiyo rai yetu kuhusu jiko wazi ni hii: kama nyumba ina chumba cha wageni chenye mlango wake na choo chake, fanya jiko wazi utakavyo. Kama haina, jenga ukuta. Choo kidogo cha wageni karibu na mlango kina thamani kuliko geti la umeme. Tungekuwa nacho sisi, mama yetu asingejizuia.

Maji, umeme na sakafu

Maji tunayajua. Yanatoka leo, kesho hayatoki. Tangi la juu kwenye mnara imara na jengine la chini la akiba ni bora kuliko bafu la vioo lisilo na tone. Weka mifereji ya mapaa ingali mapema. Hesabu yake ni nyepesi: paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 za mvua linakupa karibu lita 1,000. Masika nzima inapita mbele yetu inamwagika barabarani, na sisi tunanunua maji. Na kama kuna kisima, karo la choo liwe mbali nacho. Hilo usikubali kuambiwa "hamna neno".

Umeme wetu wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Walio wadogo waulize mama zao juu ya kiza cha Mei na Juni 2008, na kile kirefu zaidi cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Hatusemi ununue sola leo. Tunasema mwambie fundi umeme apitishe bomba tupu ndani ya ukuta, kutoka juu ya paa mpaka kwenye boksi la umeme. Siku ukijaaliwa, waya utapita bila kubomoa. Na jikoni zidisha soketi. Zile mbili za desturi zinakwisha kwa friji na blenda, na hapo ndipo tunapoanza kuunganisha waya juu ya waya karibu na maji.

Sakafu ya chooni na uwani isiwe ya kung'aa. Mama mjamzito, bibi mwenye miaka 70 na mtoto anayekimbia wote wanapita hapo na miguu ya maji. Tafuta marumaru za kukwaruza. Weka bomba la chini na kibao cha kukalia pahala pa kutawadhia, ili mzee asinyanyue mguu kwenye beseni la juu. Choo kimoja kisiwe na kizingiti. Mlango wa chumba uwe sentimita 90, na ujia upite mtu na kiti cha magurudumu. Hapo hapo ndipo kitakapopita kitanda cha uzazi, na ndipo litakapopita jeneza. Hatuliogopi neno hili, maana hakuna nyumba isiyotoka jeneza.

"Lakini mume wangu anapenda jipsamu"

Tunajua. Na kupendeza ni neema, wala hatutaki mtu aishi kwenye pagala akingoja ukamilifu. Mke akipaka chumba chake rangi aipendayo na kuweka pazia zuri, hiyo ni haki yake na furaha ya nyumba. Tunachopinga ni mapambo ya mkopo. Tumeona nyumba zenye taa za kubadilisha rangi ambazo mwenyewe hawezi kuziwasha kwa bei ya umeme, na ndani yake mume na mke hawasemezani kwa sababu ya deni, tena lina riba. Israfu tumekatazwa hata katika halali, sembuse kwa fedha za kukopa.

Na jambo moja tunalolionea haya kulisema. Mahari yako ni yako. Mshahara wako ni wako. Ukiamua kwa ridhaa yako kutia fedha katika nyumba, sema kama ni zawadi, mkopo au ubia, kisha iandikeni mbele ya mashahidi. Suratul Baqara imeamrisha kuandika deni, wala haikusema isipokuwa kati ya mume na mke. Kuandika si kumshuku mtu. Wengi waliokosana baadaye hawakukosana kwa uovu, walikosana kwa kuwa kila mmoja alikumbuka lake.

Kwa hiyo dada, picha zikija kwenye simu safari ijayo, usijibu haraka. Mwambie mwenzio kwa upole: "Nakushukuru kwa kuniuliza. Kabla ya taa, tuonane na fundi tuitazame ramani." Nenda na mama yako au mama mkwe, kwani wao wamelea na kuuguza ndani ya nyumba na wanajua mlango mwembamba una maana gani. Uliza kibla, upepo, maji, pa kupita mgeni na pa kupita mgonjwa. Kikibaki kitu baada ya hapo, chagua taa uzipendazo.

Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu nyumba zenye nafasi, zenye sitara na utulivu, na azirehemu roho za waliotutangulia. Amin.