Gavana Asiyeulizwa, Seneta Asiyekubali Kuulizwa

Tarehe 6 Machi 2025 Seneti ya Nigeria ilimsimamisha Seneta Natasha Akpoti-Uduaghan wa Kogi ya Kati kwa miezi sita. Mshahara ulizuiwa, walinzi wakaondolewa, ofisi ikafungwa. Kisa kilianza Februari 20: alikuta kiti chake ukumbini kimehamishwa, akagoma kuhama, akashikilia kusema, na Rais wa Seneti, Godswill Akpabio, akaamuru walinzi wa Bunge wamtoe nje. Siku chache baadaye alimtuhumu Akpabio hadharani kumnyanyasa kijinsia. Akpabio amekana. Tuhuma hizo ni za kuamuliwa na mahakama, si na mimi. Ninachokilaani ni adhabu, na mizizi yake naiona mbali na Abuja: iko katika ikulu za majimbo, walikojifunzia utawala vigogo wa Seneti hii.

Akpabio alikuwa gavana wa Akwa Ibom kuanzia 2007 hadi 2015. Mwaka ule ule alioondoka aliingia Seneti na kukabidhiwa uongozi wa upinzani. Mwaka 2018 akahama chama cha PDP kwenda APC, 2019 kiti kikamponyoka, akapewa uwaziri, na Juni 2023 akawa Rais wa Seneti kwa kura 63. Mpinzani wake aliyepata kura 46, Abdulaziz Yari, naye alikuwa gavana wa Zamfara kwa miaka minane. Kati ya maseneta 109 wa taifa lenye watu zaidi ya milioni 200, waliofika mwisho wa kinyang'anyiro ni magavana wastaafu wawili. Hata Bukola Saraki, aliyekalia kiti hicho 2015, alitokea ugavana wa Kwara.

Wanaoutetea utaratibu huu wa magavana kuhamia Seneti husema gavana wa zamani anaijua bajeti, ameongoza watu, na amepigiwa kura kama seneta mwingine yeyote. Ni kweli. Tena hakuna Bunge lisilo na kanuni za nidhamu.

Lakini tuulize: amezoea kuongoza watu wa namna gani? Gavana wa Nigeria ana bunge lake la jimbo, ambalo kwa karatasi lina mamlaka ya kukataa bajeti yake na hata kumng'oa. Kwa vitendo, fedha za bunge hilo zimekuwa zikipitia mikononi mwake. Mbunge wa jimbo anayemhoji gavana anajua kwamba gari la kamati yake, posho yake na ukarabati wa ofisi yake vinamsubiri mtu huyo huyo. Mei 2020 Rais Muhammadu Buhari alitoa Amri ya Rais namba 10, kwamba fedha za mabunge na mahakama za majimbo zikatwe moja kwa moja kwenye mgawo wa jimbo. Majimbo yote 36 yalikwenda Mahakama ya Juu kuipinga, na Februari 2022 yakashinda. Kisheria magavana walikuwa na hoja, maana Rais hana mamlaka ya kuyaamrisha majimbo hivyo. Kisiasa walikuwa wakilinda jambo moja tu: anayewakagua aendelee kuwategemea kwa mkate wake wa kila siku.

Mtu aliyeishi hivyo miaka minane ndiye anayepewa rungu la kusimamia ukumbi ambao kazi yake ni kuhoji. Swali la mwenzake hulisikia kama utovu wa adabu. Dawa anayoijua ni kumnyima mshahara, kumwondolea walinzi na kumfungia mlango, na ndiyo iliyotumika Machi.

Hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Katiba ya Nigeria, kifungu cha 63, inataka Seneti ikutane siku zisizopungua 181 kwa mwaka. Kumsimamisha seneta miezi sita ni kuwanyamazisha watu wa Kogi ya Kati katika sehemu kubwa ya siku hizo, nao hawakubishana na mtu kuhusu kiti. Julai 2025 Jaji Binta Nyako wa Mahakama Kuu ya Shirikisho alisema adhabu hiyo imepita kiasi. Seneta akaja, akazuiwa getini. Miezi sita ilipokaribia kwisha, uongozi wa Bunge ukaandika barua kwamba asirudi hadi Mahakama ya Rufaa iamue. Ofisi ilifunguliwa tarehe 23 Septemba. Huyu ni mmoja wa wanawake wanne tu katika Seneti yote!

Mwaka 2027 Nigeria inapiga kura tena, na magavana wanaomaliza muhula wa pili watatafuta pa kwenda. Katiba iwalazimishe kukaa nje miaka minne kamili kabla ya kugombea useneta, na atakayeingia asiongoze kikao mpaka amalize muhula mmoja kwenye viti vya nyuma, akinyoosha mkono kuomba nafasi ya kusema kama wenzake.