Miche Kumi Si Mti Mmoja

Kila msumeno unapoingia mtaani, tunatulizwa kwa maneno yale yale: tukikata mti mmoja, tutapanda kumi. Wengi wetu tunayaamini, hasa tangu Serikali ya Kenya ijiwekee lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni imani potofu, na ndege wawindaji wanailipia kwa maisha yao.

Mwewe, kwa mfano, hajengi juu ya mche. Hutafuta mti mrefu, mkongwe, wenye panda imara, na mara nyingi hurudia kiota kile kile msimu baada ya msimu. Tangu kutaga hadi makinda kuruka hupita kama miezi mitatu. Mti ukiangushwa katikati ya muda huo, kizazi kizima kimepotea. Mwenye nyumba akikutoa leo na kukuahidi makao baada ya miaka 30, hutasema amekufidia.

Mtaa wa Kaloleni, Nairobi, ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, nyumba za chini zikiachiana nafasi ya viwanja na miti. Sasa mitaa mikongwe kama huo ya Eastlands, mashariki mwa jiji, inalengwa kwa ghorofa. Mtaa wa Pangani umekwisha kubadilishwa hivyo. Wapangaji wanastahili nyumba bora, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na anayesema kwamba ghorofa haziwezi kusimama mpaka kila mti mkongwe ulale chini.

Mwaka 2020, wakati Nairobi Expressway ikijengwa, mti wa mugumo wa Waiyaki Way ulinusurika kwa agizo la Rais, na barabara ikakamilika. Kumbe wahandisi wanaweza kuupisha mti wakiamriwa. Nenda mitaa ya kitajiri ya Karen au Muthaiga uone miti mirefu inayozunguka viwanja vya gofu: hakuna anayeiita kizuizi cha maendeleo. Na Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1981, hata anayetengeneza uwanja wa gofu akibomoa kwa makusudi kiota kinachotumika anatenda kosa. Kwa nini mti wa Jogoo Road, huko Eastlands, uwe na thamani ndogo kuliko wa Karen?

Watafiti waliolinganisha hesabu za miaka ya 1970 na za 2003 hadi 2020 waligundua kwamba, kati ya aina 22 za ndege wawindaji na wala mizoga nchini Kenya, 19 zimepungua. Ndege hawa hula panya na mizoga. Wakitoweka, uchafu unabaki nasi.

Tathmini ya athari kwa mazingira tayari ni takwa la sheria. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Kaunti ya Nairobi wadai iwe na ramani ya viota, iliyochorwa na mtu anayewajua ndege kabla mkandarasi hajapewa kazi. Penye kiota chenye mayai au makinda, msumeno usubiri. Mti wa kiota ukiweza kupishwa, upishwe. Miche ipandwe kwa wingi, lakini isihesabiwe kamwe kuwa fidia ya mti wenye kiota.